Nataka kuchora aya ya nyanya mkononi kabla sijarudi Kisumu

SWALI

Mwalimu,

Pokea salamu zangu za heshima kutoka Leeds, Uingereza, ambako nasomea uuguzi na sasa nimeingia mwaka wa pili. Nyumbani kwetu ni Kisumu, mtaa wa Migosi, ingawa boma la wazee liko Alego, katika Kaunti ya Siaya, na huko ndiko alikozikwa nyanya yangu mwezi wa Machi mwaka huu. Nakuandikia kwa sababu ya nyanya huyo, na kwa sababu ya jambo ambalo nimepanga kulifanya katikati ya mwezi wa Novemba na ambalo limeninyima usingizi.

Nyanya, mama mzazi wa mama yangu, ndiye aliyenilea tangu nikiwa na umri wa miaka mitatu hadi nilipojiunga na shule ya upili, kwa kuwa mama alikuwa akifanya kazi mjini na alikuja kutuona mwisho wa mwezi. Alikuwa muumini wa kanisa la Roho, mwenye kanzu nyeupe iliyoshonwa msalaba mwekundu kifuani, na kila jioni kabla ya taa kuzimwa alinisomea Biblia ya Kiswahili polepole, huku akifuata mstari kwa kidole. Aya aliyoirudia kuliko zote ilikuwa Isaya 49:16, "Tazama, nimekuchora katika vitanga vya mikono yangu." Alipofika hapo alikuwa akiuchukua mkono wangu na kupitisha kidole chake kwenye kiganja changu kama mtu anayeandika. Siku niliyosafiri kuja huku alifanya vivyo hivyo mbele ya watu wote waliokuja kuniaga, na hiyo ndiyo mara ya mwisho niliyomshika mkono.

Alipofariki sikuweza kwenda. Nilikuwa katika mazoezi ya wodini, nauli ilikuwa juu mno, na mama mwenyewe alinisihi nisivuruge masomo. Nilitazama mazishi kwenye simu nikiwa nimeketi kwenye ngazi za nje ya maktaba, mtandao ukikatika kila mara, na picha iliporudi kwa mara ya mwisho kaburi lilikuwa limekwisha kufunikwa na watu walikuwa wanatawanyika. Niliifunga simu, nikaingia darasani.

Nina rafiki hapa chuoni, Mkristo wa Kikopti kutoka Misri, ambaye ana msalaba mdogo wa wino upande wa ndani wa kifundo cha mkono wake wa kulia. Alichorwa akiwa mtoto, na hunieleza kwamba kwao alama hiyo ni njia ya kuiungama imani bila kufungua kinywa. Nilipouona msalaba huo nilikumbuka kidole cha nyanya. Tangu wakati huo nimetamani nami kuchora tatuu mahali hapo hapo, yenye aya yote kwa Kiswahili, na chini yake jina la nyanya na tarehe aliyofariki. Nimekwisha kumpata mchoraji na kumlipa arubuni ya pauni 50.

Mtu pekee wa nyumbani niliyemwambia ni kaka yangu, ambaye anafanya kazi huko Nakuru. Alikasirika sana. Alinitumia Mambo ya Walawi 19:28, akaniuliza kama nimekwenda Ulaya kusoma au kupotea, na akanikumbusha kwamba mama ni mwenyekiti wa kikundi cha akina mama kanisani na kwamba nitamwaibisha mbele ya watu waliochanga fedha za kunisafirisha. Mama bado hajui lolote. Nitafika nyumbani tarehe 12 Desemba.

Naomba unijibu bila kunificha. Je, jambo hili ni dhambi? Nimwambie mama kabla, au nimwonyeshe nikifika, wakati ambapo halitaweza tena kuzuiwa? Na ikiwa nia yangu ni njema kama ninavyoamini, kwa nini moyo wangu hautulii?

Mwanafunzi wa Leeds

JIBU

Binti yangu,

Pole sana kwa kufiwa na nyanya. Naanza na neno hilo kwa sababu nimeisoma barua yako mara tatu na kila mara nimesimama mahali pale ulipoifunga simu ukaingia darasani. Huenda uliambiwa pole na wengi kwa ujumbe, lakini pole ya kwetu haisemwi tu. Watu huja, hukaa, huleta sukari na kuni, hulala kwenye turubai, na mfiwa hachoki kusimulia jinsi marehemu alivyougua na alivyosema siku ya mwisho. Wewe hukupata hata siku moja ya namna hiyo, na naona kwamba sehemu kubwa ya swali lako imetoka hapo.

Kwa kuwa umeniuliza kama ni dhambi, nitakueleza ninavyoamini mimi, nikijua kwamba wapo wachungaji ninaowaheshimu ambao watanipinga. Aya aliyokutumia kaka yako inasema: "Msichanje chale yo yote katika miili yenu kwa ajili ya wafu, wala msiandike alama miilini mwenu, mimi ndimi BWANA." Aya inayoitangulia inakataza kunyoa pembe za kichwa na kuharibu pembe za ndevu, na nyingine iliyo juu zaidi katika sura hiyo hiyo inakataza kuvaa nguo iliyofumwa kwa nyuzi za namna mbili. Sijui kanisa lolote letu linalomtenga mtu kwa kunyoa ndevu zake. Hata hivyo sura hiyo hiyo, katika aya ya 18, ndiyo yenye amri ya kumpenda jirani yako kama nafsi yako, amri ambayo Yesu mwenyewe aliitaja kuwa ya pili kwa ukubwa. Kwa hiyo hatuwezi kuitupa sura nzima kwa kusema kwamba ni sheria ya kale, wala hatuwezi kuchomoa aya moja na kumpiga nayo ndugu. Inatubidi kuuliza kila agizo lilikuwa likilinda nini.

Agizo hili liliwalinda Waisraeli wasiomboleze kama mataifa waliyoishi kati yao, ambayo yalijikata na kujitia alama kwa sababu ya aliyekufa. Kumbukumbu la Torati 14:1 inalirudia jambo hilo hilo, ikiwakataza kujikata miili na kujinyoa upaa kwa ajili ya maiti. Mimi sisomi hapo katazo kwa Mkristo anayeandika neno la Mungu mkononi mwake kwa moyo wa ibada, na Paulo, anapowaandikia Warumi sura ya 14 kuhusu vyakula na siku, anatuachia nafasi ya kutofautiana katika mambo ya namna hii, kila mtu akiwa amethibitika katika akili yake mwenyewe. Lakini, binti yangu, siwezi kuyaruka maneno manne yaliyomo katikati ya aya aliyokutumia kaka yako: kwa ajili ya wafu. Wewe umepanga kuandika jina la marehemu na tarehe ya kifo chake. Kaka yako alikujibu kwa ukali, na sipendi namna alivyokutajia michango ya watu, lakini aya aliyoichagua inaligusa jambo lako kuliko yeye mwenyewe alivyojua.

Fikiria desturi yetu. Kwa Waluo, na pia kwa majirani zetu Waluhya, waliofiwa hunyolewa nywele baada ya mazishi. Makanisa mengine huikataa desturi hiyo, mengine huikubali, na sitaingia katika mabishano hayo leo. Ninachotaka uone ni kwamba nywele huota tena. Kwa muda wa wiki kadhaa kila anayekutana nawe anakijua kichwa chako na kukupa pole, kisha siku moja unajitazama kwenye kioo na kukuta zimerudi, na hakuna aliyekuambia kwamba sasa umeruhusiwa kuendelea na maisha, ila mwili wenyewe umekuambia. Mwili umeshiriki msiba, kisha ukapewa njia ya kuutoka. Tarehe ya kifo iliyoandikwa kwa wino kwenye kifundo cha mkono haina njia hiyo. Utaisoma ukifunga mkanda wa saa, utaisoma siku ya harusi yako, utaisoma ukimwosha mtoto wako wa kwanza.

Sasa niseme juu ya mama, kwa sababu nadhani hasira unayoihofia haitatoka kwenye Mambo ya Walawi. Mimi nilizaliwa Gem kabla sijahamia Nakuru kufundisha, na nyanya yangu mzaa baba alikuwa ameng'olewa meno sita ya mbele ya chini, kama walivyofanyiwa vijana wa Kiluo wa wakati wake. Alipocheka mbele ya wageni aliziba kinywa kwa kiganja. Desturi hiyo ilififia kadiri shule na makanisa yalivyoenea, na kwa kizazi kilichofuata, kinywa chenye meno yote na ngozi isiyo na chale vilikuwa ushahidi kwamba nyumba fulani imeokoka. Pamoja na hayo, chale kwa watu wengi wa Nyanza hadi leo ni jambo la mganga: ni wembe, ni dawa nyeusi inayosuguliwa kwenye jeraha, ni mtu aliyekwenda usiku mahali ambapo hataki kutajwa. Mama yako alikulia katikati ya mafundisho hayo, na mama yake, yaani nyanya yako, bila shaka ndiye aliyemfundisha. Ukimwonyesha mkono wenye alama hataiona aya kwanza. Ataiona alama. Ndiyo maana nakusihi usimchukulie kuwa mtu asiyeelewa mambo ya kisasa, kwa kuwa ana historia ambayo kijana aliyezaliwa baada yake hana.

(Ni jambo la kupendeza kwamba neno nembo, ambalo leo tunalitumia kwa alama ya kaunti au ya shule, katika kamusi za zamani lilimaanisha alama iliyochanjwa kwenye ngozi ili mtu ajulikane ni wa kabila gani. Lugha yetu imeihamisha alama kutoka mwilini hadi kwenye karatasi na bendera, na mioyo ya wazazi wetu nayo ilihama hivyo hivyo.)

Rafiki yako wa Misri amekueleza kweli. Wakristo wa Kikopti wana desturi ya karne nyingi ya kuchora msalaba kwenye kifundo cha mkono wa kulia, na nyanda za juu za Ethiopia wako wanawake, hasa wa makamo na wazee, wenye msalaba katikati ya paji la uso. Katika mji wa kale wa Yerusalemu kuna ukoo wa Razzouk, wenye asili ya Kikopti, ambao kwa vizazi vingi umewachora mahujaji wanaotaka kurudi makwao na alama ya safari yao. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba tatuu ya imani ni upuuzi wa vijana wa Ulaya, hajui historia ya Ukristo wa Afrika. Ila tazama tofauti moja. Msalaba wa rafiki yako alipewa. Wazazi wake walikuwepo, kanisa lake linauelewa, na Mkopti mwenzake akiuona mkono huo anajua papo hapo anatazama nini. Wa kwako utachorwa na mtu asiyekujua, katika mji ambao hakuna aliyemjua nyanya, na kisha utasomwa Alego kwa macho ya Alego. Sisemi kwamba hilo linaubatilisha. Nasema kwamba maana yake haitasafiri yenyewe, itakubidi wewe uibebe na kuieleza, na kazi hiyo ni nzito kwa mtu ambaye bado ana machozi.

Nakuomba ufanye jambo moja kabla hujaamua. Chukua kalamu ya wino na uandike kwenye karatasi mambo matatu uliyopanga: aya, jina, tarehe. Kisha funika jina na tarehe, ubaki na aya peke yake, na ujiulize kama bado ungeitaka mkononi. Halafu funika aya, ubaki na jina na tarehe, ujiulize tena. Usijibu siku hiyo. Mimi, kwa kuisoma barua yako, nahisi kwamba umetaka kufanya mambo mawili kwa sindano moja. La kwanza ni kuiungama imani aliyokulea nayo. La pili ni kuhudhuria mazishi ambayo hukuyahudhuria. La kwanza linaweza kufaa au lisifae, na wewe ni mtu mzima wa kuamua. La pili haliwezi kufanyika Leeds hata kwa wino mzuri namna gani, na nadhani hilo ndilo jibu la swali lako la mwisho, kwa nini moyo hautulii.

Tena uirudie aya yenyewe na uisome na zile zinazoitangulia. Katika aya ya 14 Sayuni analia kwamba BWANA amemwacha na kumsahau. Aya ya 15 inamjibu kwa swali: "Je! Mwanamke aweza kumsahau mtoto wake anyonyaye?" Kisha ndipo yanakuja maneno aliyoyapenda nyanya. Mkono uliochorwa katika aya hiyo si wako, binti yangu. Ni wa Mungu, na kilichochorwa ndani yake ni wewe. Nyanya alilijua hilo vizuri, kwa maana hakutumia kalamu, alitumia kidole, na alipomaliza hapakuwa na alama yoyote kwenye kiganja chako ila joto la mkono wake. Wala usipite haraka kwenye aya ya 15. Ungeichora ya 16 huku ukimficha mama, ambaye ndiye anayetajwa katika aya iliyo jirani nayo.

Nikuambie pia ya mwili na ya kazi, kwa kuwa wewe ni muuguzi wa kesho na mengi ya haya utayaelewa kuliko mimi. Katika hospitali za umma za Uingereza, tangu mwaka 2008, wahudumu wanaowagusa wagonjwa hutakiwa kuwa na mikono wazi kuanzia kwenye viwiko kwenda chini, bila saa wala mikono mirefu ya nguo, ili waweze kunawa vizuri. Maana yake ni kwamba tatuu iliyo kwenye kifundo cha mkono haitafichika hata siku moja ya maisha yako ya kazi. Kila mgonjwa utakayempima mapigo ya moyo ataisoma, na wengine watakuuliza, na utalazimika kumtaja nyanya na siku aliyokufa mbele ya mtu ambaye huenda naye anakaribia kufa. Je, unalitaka hilo? Na ukirudi kufanya kazi Kisumu au Nakuru, huenda ukakutana na mkuu wa wodi asiyeipenda.

Zaidi ya hayo, tatuu mpya ni jeraha. Huchukua wiki mbili hadi nne ngozi ya juu kupona, na wakati huo haifai kulowekwa wala kusuguliwa kwa dawa ya mikono yenye spiriti, ilhali mwanafunzi aliye wodini hunawa mara nyingi mno kwa zamu moja. Ukichorwa katikati ya Novemba utakuwa wodini na jeraha wazi mahali pabaya kuliko pote, au utakuwa unafika Kisumu likiwa bado linachubuka, ukitaka kwenda Dunga na wenzako na kutia mkono katika maji ya ziwa. Sitaki hata kulifikiria hilo.

Angalia kovu la chanjo ya kifua kikuu lililo kwenye mkono wako wa kushoto, na matundu ya masikio yako kama yalitobolewa. Ikiwa yalivimba na kukua kupita jeraha lenyewe, au ikiwa mama na shangazi zako wana makovu ya namna hiyo, basi una hatari ya keloidi, ambayo huwapata watu wenye ngozi nyeusi zaidi kuliko wengine, nayo yaweza kutokea miezi kadhaa baada ya jeraha kupona. Umwone daktari wa chuo juu ya hilo, na umuulize pia kama chanjo yako ya homa ya ini aina ya B imekamilika. Na usitulizwe na wanaosema kwamba siku hizi tatuu hufutika kwa leza. Kufuta huhitaji vipindi vingi vinavyoachana kwa wiki kadhaa, hugharimu kuliko kuchora, na kwenye ngozi yetu kunaweza kuacha baka jeupe au jeusi hata kama mtaalamu ametumia leza yenye urefu wa wimbi wa nanomita 1064, ambayo ndiyo salama zaidi kwa ngozi nyeusi.

Ikiwa baada ya yote bado utaamua kuchora, basi ufanye vizuri. Huko Uingereza anayechora tatuu hutakiwa kuwa amesajiliwa na halmashauri ya mji wake, kwa hiyo uombe kuuona usajili huo. Sindano ifunguliwe kwenye pakiti mbele ya macho yako. Umwombe akuonyeshe picha za kazi zake zilizopona kwenye ngozi nyeusi, wala si picha za siku ya kwanza, na uchague wino mweusi, kwa maana rangi nyingine hufifia kwetu, na nyekundu ndiyo inayojulikana zaidi kwa kuwasha na kuleta mzio. Aya nzima haitatosha kwenye kifundo cha mkono isipokuwa herufi ziwe ndogo sana, na herufi ndogo huvimbiana kadiri wino unavyotanuka ndani ya ngozi, hata baada ya miaka 15 hazisomeki. Neno moja, "nimekuchora", lingetosha na lingedumu. Na kwa kuwa mchoraji hajui Kiswahili, usimtamkie wala usimwandikie kwa haraka kwenye simu. Mpelekee maandishi yaliyochapwa, uyakague herufi kwa herufi yakiwa yamebandikwa kwenye ngozi kabla sindano haijagusa, na umpigie mtu wa nyumbani akusomee kwa sauti. Herufi moja ikikosewa hapo haina mwalimu wa kuisahihisha.

Wakati unangoja unaweza kujaribu kwa hina, ambayo hukaa wiki moja hadi tatu kisha hutoka. Iwe hina ya kawaida yenye rangi ya kahawia. Piko nyeusi, ile inayochanganywa na dawa ya kupaka nywele rangi, imewachoma watu wengi ngozi na kuwaachia makovu, na mkono wako ni wa kazi.

Swali lako la pili ndilo jepesi kulijibu. Usimwonyeshe mama jambo lililokwisha kufanyika. Unaposema "wakati ambapo halitaweza tena kuzuiwa" unajua mwenyewe kwamba huo ni mtego, na mtu hamtegi mama yake aliyefiwa na mama yake. Naam, hilo nalo naona limesahaulika kati yako na kaka yako: nyanya wako alikuwa mama wa mama yako. Msiba huu ni wake kabla haujawa wako, na huenda hata yeye hajapata mtu wa kulia naye, kwa kuwa alikuwa akihesabu masufuria na wageni.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu. Mwandikie mchoraji wiki hii umwombe asogeze tarehe hadi baada ya Januari. Wengi hukubali wakiarifiwa mapema, na kama arubuni itapotea, pauni 50 ni hasara unayoweza kuibeba. Kisha mpigie mama Jumapili jioni baada ya ibada, na usianze na tatuu. Anza na ngazi za maktaba. Mwambie ulivyoketi pale, picha ilivyokatika, na ulivyoingia darasani. Nina hakika hajui. Mwombe kwamba ukifika Desemba mwende Alego nyinyi wawili, bila wageni, mlale huko usiku mmoja au miwili, na mwambie kaka yako aje kutoka Nakuru kama anaweza, kwa maana nadhani ukali wake nao una kilio ndani yake. Habari ya aya na mkono uiseme huko, mkiwa mmekaa karibu na kaburi, na umwache mama aseme lolote litakalomjia bila kumkatiza.

Tena umuulize ni nani aliyebaki na Biblia ya nyanya. Mtu aliyesoma kwa kidole kila jioni kwa miaka mingi huacha alama kwenye ukurasa, na wengine hupiga mstari kwa kalamu. Ifungue Isaya 49 uone alivyopaacha, na kama mama atakubali, mwombe akusomee sura yote kwa sauti huku akikushika mkono. Ukirudi Leeds utakuwa na muda wa kutosha wa kuamua kama bado kuna kitu kinachohitaji kuandikwa, na ukipenda, uniandikie tena mwezi wa Februari.

Mwalimu, Nakuru